Mama Mkwe Kwenye Sauna ya Mionzi

Watu wa Chanji, pale Sumbawanga, walipoliona lile sanduku mara ya kwanza, walisema Kasimiri sasa anabanika watu kama samaki wa migebuka. Hawakukosea sana. Lilikuwa sanduku la mbao za msonobari, refu kumzidi mtu aliyesimama, pana kama kitanda, limesimamishwa uani chini ya paa la bati. Ndani kulikuwa na benchi na taa kumi nyekundu, zile ambazo wafugaji wa kuku hulelea vifaranga. Unavua nguo, unajifunga khanga au taulo, unakaa, unafungiwa mlango, taa zinawashwa, unatulia dakika ishirini. Usifikiri ni joto la jikoni. Hakuna moshi wala mvuke, ila joto lenyewe linaingia mwilini polepole mpaka kwenye mifupa, na jasho linakutoka bila kuinua jembe. Kwenye ubao wa nje waliandika kwa rangi ya bluu: SAUNA YA MIONZI. ONDOA UCHOVU, TULIZA AKILI.

Mwenye wazo alikuwa mkewe, Scola. Ilikuwa mwaka 2002, wakati kila mwenye akili zake Sumbawanga alikuwa anafungua kitu: huyu kibanda cha simu, yule saluni, mwingine anauza maji ya chupa mahali ambapo vijito havikauki. Scola alikuwa akienda Tunduma kuchukua vitenge vya kuuza. Huko akaiona sauna kwa mama mmoja wa Kizambia, akaingia, akatoka amelainika kama unga uliokandwa, akarudi nyumbani na taa kumi na kitenge kimoja. Kasimiri, fundi seremala, mzaliwa wa Msanzi na mtu wa maneno machache, alimwuliza kama amerogwa.

"Nani hapa Ufipa atalipia kutokwa jasho wakati jembe lipo bure?"

"Hapa baridi inaanza Mei inaisha Agosti, na kila mgongo unauma," Scola akamjibu. "Wewe piga misumari. Maneno niachie mimi."

Maneno ndiyo yalikuwa kazi yenyewe. Ubao wa mlango ulikuwa umepinda, ukiurudishia hivi hivi unafunguka, kwa hiyo Kasimiri aliweka komeo kwa nje, juu, na ilibidi pawe na mtu wa kulifungua. Mtu huyo alikuwa Scola. Aliweka kigoda pembeni ya sanduku na saa ya mezani mbele yake, kisha akapiga soga na mteja kupitia mbao kuanzia dakika ya kwanza hadi ya ishirini. Walimu waliingia, makarani wa benki waliingia, hata Masalu, Msukuma mwenye ng'ombe mia na mgongo mbovu, aliingia na kofia yake kichwani akakataa kuivua. Wote walichekeshwa. Kumbe ule ndio ulikuwa ulinzi wao. Scola alimwambia mumewe, "Mteja akigonga mfungulie. Na akinyamaza, usingoje saa, mfungulie haraka zaidi."

Kisha Scola akafa. Ilikuwa Novemba ya mwaka uliofuata, homa ya siku nne, hata mvua za kwanza hazijatulia. Alizikwa kwao Kaengesa, misa ikasomwa, watu wakalia mpaka sauti zikakauka. Kasimiri hakulia. Wapo waliosema ana moyo wa jiwe, na wapo waliosema mwanaume anaumia kwa ndani. Ukweli ni kwamba hakuumia popote. Alingoja uchungu uje, kama unavyongoja mgeni aliyeahidi, na haukuja. Alikula asionje ladha, akapiga randa asisikie uchovu, akaamka akalala. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, na jina la mkewe halikumtoka mdomoni tangu siku ile walipofukia kaburi.

Edith, binti yao wa miaka sita, ndiye aliyeiendesha nyumba. Alimwambia baba yake kula, akala. Akamwambia baba, unaitwa mlangoni, akaenda. Asubuhi za baridi mtoto alikuwa akiingia kwenye sanduku na sweta lake la shule kuota joto, Kasimiri anamfungia na kumfungulia, wote wawili kimya. Wateja wa kiume walibaki wachache. Wanawake walihudumiwa na jirani, Agnesi, mama mnene wa maandazi, ambaye Scola alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na kweli alimwosha na kumzika.

Siku ya Pasaka, Isdori, kaka yake marehemu, alikuja kuwasalimia akashinda kutwa. Aliporudi Kaengesa alisema jambo moja tu kwenye kikao cha ukoo: "Nimemkuta mtoto anamlisha baba yake." Kikao hakikuhitaji jingine. Wakakubaliana kwamba ulezi ukishavunwa, mama mzazi wa Scola aende mwenyewe. Akiridhika, mjukuu abaki kwa baba yake. Asiporidhika, arudi naye.

Bibi huyo aliitwa Dominika. Alifika Julai, siku ya upepo, amejifunika mablanketi mawili na kiuno kimemkaza kwa wiki tatu za kuvuna. Kasimiri alimpokea kama ilivyompasa mkwe: alichuchumaa mbali, akapiga makofi taratibu, akatazama chini, akasema shikamoo mama. Dominika akaitikia akitazama upande wa nyumba ya jirani. Kwa watu wa umri wake, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, hawalali chini ya paa moja, na ikiwezekana hata kivuli chao kisigusane. Kwa hiyo alilala kwa Agnesi, na kila neno lililotoka kwake kwenda kwa Kasimiri lilipitia kwa Agnesi, hata kama Kasimiri amesimama hatua tatu kutoka pale.

"Mwambie baba Edith nimetumwa kutazama," alisema Dominika. "Nitatazama siku mbili. Kesho kutwa asubuhi kuna gari la Kaengesa. Ama nitapanda peke yangu, ama nitapanda na mtoto."

Agnesi akageuka. "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Kasimiri.

Usiku ule alijaribu kuogopa. Alijiambia, wanamchukua mwanao. Akalirudia tena na tena. Akili ilielewa kila neno, moyo haukushtuka, na usingizi ukamchukua.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Agnesi alikuwa amemkanya mapema, kwa hiyo Kasimiri aliitika alipoitwa, akamwuliza Edith habari za shule mbele ya watu, akala bila kuambiwa. Dominika alikaa kizingitini kwa Agnesi akichambua maharage, jicho moja kwenye maharage na jicho moja uani. Huwezi kumdanganya bibi wa Kifipa aliyelea watoto tisa, lakini mambo yalionekana yanakwenda.

Siku ya pili asubuhi kiuno kilimkatalia kabisa. Hakuweza hata kuinama kuvaa ndala. Edith akamshika mkono. "Bibi, ingia kwenye sauna. Mama alisema inatoa maumivu yote." Dominika akalitazama lile sanduku kwa muda mrefu. Pengine ni kiuno kilichomshawishi, pengine alitaka kukaa ndani ya kitu ambacho mwanawe alikifikiria mwenyewe. Alikubali, kwa sharti kwamba Agnesi peke yake ndiye atakayemfungia na kumfungulia.

Agnesi akamvua, akamfunga khanga, akamkalisha, akasukuma komeo, akawasha taa, akakaa kwenye kigoda. Hazikupita dakika tano, mtu wa hoteli akaja kuchukua maandazi yake mia, na nani mwenye biashara anaweza kumwambia mteja wa maandazi mia asubiri? Edith alikuwa ametumwa dukani kununua chumvi. Agnesi akamwita Kasimiri aliyekuwa anapiga randa upande wa pili wa ua.

"Baba Edith, mama yupo ndani. Zimebaki dakika kumi na tano. Itazame saa, zikiisha nigongee ukuta nije nimfungulie. Usimfungulie wewe."

"Haya," akasema Kasimiri.

Akaja akakaa kwenye kigoda. Akakohoa, kwa sababu ya vumbi la mbao. Saa ilikuwa mbele yake, mshale mrefu kwenye nane. Alikuwa na lengo la kuutazama, na aliutazama, Mungu ni shahidi. Aliutazama ukifika tisa, ukifika kumi, ukifika kumi na mbili, ukipita. Hakusinzia. Hakuwaza jambo jingine, kwamba labda deni au kazi ilimchukua akili. Alikaa tu macho wazi, kama alivyokuwa akikaa tangu Novemba, na mle ndani ya kichwa chake hapakuwa na sauna, hapakuwa na mama mkwe, hapakuwa na yeye mwenyewe. Nyuma ya mbao kulikuwa kimya. Kule kwa Agnesi kikaango kilikuwa kinapiga kelele, maana yule mteja alikuta maandazi sitini, ikabidi akaange mengine.

Edith akarudi na chumvi. "Baba, bibi yuko wapi?"

Kasimiri akamtazama. Ilimchukua muda kupata jibu, na jibu lilipokuja, lilikuja na kila kitu kwa mpigo. Mshale ulikuwa umefika tano. Dakika arobaini na tano kwenye kigoda, na zile za Agnesi zilizotangulia.

"Mama," akaita. "Mama."

Kimya. Mkono ukaenda kwenye komeo ukasita hapo, nao kusita kule kulikuwa kwa pumzi moja tu. Akafungua. Dominika alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi, ameegemea ukuta, khanga imelegea, ngozi imekauka, macho yamefumba. Kasimiri alivua koti lake akamfunika, akambeba mikononi mama mkwe wake mchana kweupe mbele ya mtoto na mbele ya mtu wa hoteli aliyekuja mbio na Agnesi, akamlaza kivulini. Wakamwagia maji, wakampepea, wakampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Baada ya muda akafumbua macho, akaomba ashushiwe koti mpaka miguuni. Kwa hilo wakajua amerudi.

Kasimiri alikaa mlangoni pa karakana yake akitazama mikono yake. Alijua kwamba nusura aue mtu. Alijua kama unavyojua kwamba mguu uliokufa ganzi ni wako.

Saa kumi na moja akaitwa. Dominika alikuwa amelala mkekani sebuleni kwa Agnesi, mto nyuma ya mgongo, Edith kichwa mapajani mwake amesinzia. Kasimiri aliketi nje ya kizingiti, ukuta ukiwa katikati. Agnesi akakaa kwenye mlango, kama kawaida, apokee maneno huku ayapeleke huku.

"Mwambie baba Edith sina kinyongo," alianza Dominika. Sauti yake ilikuwa nyembamba bado. "Mwambie nilimsikia akikohoa, nikajua aliyekaa nje ni yeye. Joto lilipozidi nilitaka kugonga. Nikajiuliza, nikigonga nani atafungua? Mkwe wangu. Anione hivi? Nikasema Dominika, tulia, jasho halijaua mtu. Na yeye vilevile. Alijua muda umepita, lakini mkono utaendaje kwenye komeo wakati ndani ni mama mkwe wake? Ni adabu tuliyofundishwa mimi na yeye, na imetaka kunizika. Mpaka alipoona hakuna njia, akaikanyaga adabu akanitoa. Nimewaza tangu mchana. Mtu mwenye adabu ya namna hiyo hajaharibika. Isdori aliona vibaya. Mwambie mtoto atabaki naye."

Agnesi alishusha pumzi. Akamgeukia Kasimiri na uso unaocheka. "Umesikia mwenyewe. Sema ahsante, ukalale."

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu, ndugu zangu. Hakutakiwa kusema uongo, uongo ulikuwa umeshasemwa na mwingine kwa nia njema. Alitakiwa anyamaze tu, na katika kunyamaza Kasimiri hakuwa na mpinzani mkoa mzima. Alimtazama Edith kupitia mlangoni, mdomo wazi, mkono umeshika khanga ya bibi yake. Akaiona asubuhi inayokuja, baridi, mtoto anaingia kwenye sanduku na sweta lake, yeye anasukuma komeo, kisha anakaa kwenye kigoda.

"Haikuwa adabu," akasema.

"Baba Edith," Agnesi akamkazia macho.

"Haikuwa adabu, mama. Nilisahau."

Dominika akanyanyua kichwa. Safari hii hakupitia kwa Agnesi. "Ulisahau nini?"

"Nilisahau kwamba kuna mtu ndani. Saa nilikuwa naiona. Sikuwa na kazi, sikulala. Nilikaa tu. Edith asingerudi, ningekuwa nimekaa mpaka sasa hivi."

Nje mtu alipita na baiskeli, akasalimia, asiitikiwe. Agnesi alifunika uso kwa kiganja.

"Ungenyamaza," Dominika akasema.

"Ningenyamaza, ungemwacha."

"Ndiyo. Ningemwacha."

"Anaingia mle kila asubuhi, mama. Mimi ndiye ninayemfungia."

Bibi akakitazama kichwa cha mtoto mapajani mwake, akaanza kukipapasa. "Kwa hiyo unanipa mwenyewe. Kwa mdomo wako."

"Nakupa."

"Na inakuuma?"

Kasimiri alitafuta. Alitafuta kwa bidii, kwa sababu alitaka sana awe na jibu jingine. "Hapana, mama," akasema. "Bado."

Dominika alivuta upande wa khanga akajifuta macho, akimlilia sijui nani kati yao wanne. "Ng'ombe haelemewi na nunduze," akasema mwisho. "Nitamlea. Na wewe usije kumchukua kwa sababu watu wanakusema. Njoo siku utakapoumia."

Asubuhi Kasimiri alifungasha magauni matatu, sare ya shule, daftari na viatu. Edith hakulia sana. Alikuwa mtoto aliyezoea kupanga mambo, akayapanga na haya. Akiwa tayari nyuma ya pikapu, katikati ya magunia na miguu ya watu, aliinama akamwambia baba yake kwamba chumvi iko kwenye kopo la juu, na watu wakimwita aitike. Kasimiri akasema sawa. Dominika alikuwa amekaa mbele na dereva, amejifunika uso. Gari likaondoka, likapanda, vumbi likatulia.

Akarudi nyumbani. Kwanza aling'oa komeo la sanduku kwa patasi, akalitupa. Halafu akaingia kwenye kazi ya mlango wa mtu aliyekuwa amelipa nusu, akapima, akachora, akalaza ubao mrefu kwenye meza. Alipokaribia kumaliza kukata, akasema bila kuinua macho, "Edith, shika huku."

Msumeno ukamaliza. Kipande kikaanguka sakafuni, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukishika.

Akakitazama pale chini. Akasema tena, "Edith," safari hii kwa sauti ndogo, na ikamuuma. Ilianzia tumboni, ikapanda kifuani mpaka akashika meza. Ilimuuma kuliko alivyowahi kudhani kitu kinaweza kumuuma mtu, nyundo kidoleni ni mchezo. Mtoto ameondoka. Amempa mwenyewe. Na nyuma ya maumivu hayo yakaja mengine makubwa zaidi, yaliyokuwa yamengoja zamu yao miezi minane, yakaingia yote pamoja bila hodi. Kasimiri akakaa kwenye takataka za randa, akalia kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani, mpaka wapita njia wakasimama barabarani.

Agnesi aliacha kikaango motoni akaja akikimbia, mikono imejaa unga. Jambo la kwanza lililomjia ni lile gari, mteremko na magunia yale, na breki za pikapu za siku hizi. Akamshika Kasimiri mabega akamtikisa.

"Gari limepinduka? Baba Edith, niambie. Nani amekufa?"

Kasimiri aliinua uso. Ulikuwa umelowa wote.

"Scola," akasema. "Scola amekufa."

Agnesi, aliyemwosha Scola kwa mikono yake mwenyewe, alivua ndala, akaketi chini kando yake, akajifunga khanga kiunoni, akaanza kulia naye.